Je, Wajua? Presha hushuka pia moyo ukipunguziwa kasi

Anayepanda kwa miguu kutoka Sigi kwenda Amani, Usambara Mashariki, huusikia moyo ukimdunda kifuani: adrenalini imefika kwenye vipokezi vyake. Dawa za kundi la beta-bloka, kama atenololi na propranololi, hukalia vipokezi hivyo kabla yake. Moyo hupiga taratibu na kwa nguvu ndogo zaidi, na figo hupunguza renini, kimeng'enya kinachoanzisha mchakato wa kubana mishipa. Presha inashuka. Propranololi ilitengenezwa na James Black wa Scotland miaka ya 1960. Mwaka 1988 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mbona basi kila mwenye presha hapewi? Kwa sababu kushusha namba ya kipimo peke yake hakutoshi. Kwa wengi, atenololi imeonekana kukinga kiharusi kwa udhaifu kuliko dawa nyingine, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaanza na makundi mengine, yakiwemo ya amlodipini. Wapo wanaosema basi zitupwe, sikubaliani nao. Aliyepata shambulio la moyo, au ambaye moyo wake umedhoofika, anaweza kuzihitaji sana. Mwenye pumu amweleze daktari mapema, maana zinaweza kumbana kifua. Na anayezitumia asiziache ghafla ati kwa kuwa amepata nafuu: vipokezi vilivyozibwa huongezeka, na dawa ikikatika moyo huenda mbio na presha ikapaa. Kuacha ni kwa kupunguza dozi kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.