TAA YA NYUMA HAIWAKI: TATIZO LIKO WAPI?

Wanafunzi wetu wapenzi, wengi wenu mna baba au kaka anayeendesha pikapu au pikipiki, na baadhi yenu mtaendesha wenyewe baada ya miaka michache. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze habari za taa nyekundu ya nyuma, ambayo watu huidharau. Taa hii ikizimika dereva hahisi upungufu wowote, kwani haimmulikii yeye. Anayeihitaji ni aliye nyuma yake. Pikapu iliyopakia migebuka na dagaa kutoka Karema kwenda Mpanda usiku ikisimama ghafla ndani ya vumbi la kiangazi bila taa, anayeifuata kwa pikipiki huiona akiwa amekwisha kuifikia.

Kwanza tujue taa inavyofanya kazi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, hufika kwenye balbu, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ni bodi ya gari yenyewe, nayo mafundi huiita arthi. Njia ikikatika popote, wakati wa kwenda au wa kurudi, taa haiwaki.

Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili: wa wati 5 kwa taa ya usiku na wa wati 21 kwa breki. Kwa betri ya volti 12, uzi wa breki hutumia ampea 1.75 (yaani 21 gawanya kwa 12), na ule wa usiku ampea 0.4 hivi. Hivyo njia yenye kutu inaweza kuitosha taa ya usiku, lakini breki ikikanyagwa mwanga ukafifia.

Pili, tusome dalili kabla ya kufungua kitu:

1. Upande mmoja tu hauwaki: tuanze na balbu, holda yake na arthi ya upande huo.
2. Taa za usiku za pande zote mbili haziwaki: tuanze na fyuzi.
3. Taa zote za breki haziwaki, lakini za usiku zinawaka: tuangalie fyuzi yake na swichi iliyo kwenye pedeli ya breki.
4. Breki ikikanyagwa, indiketa nayo inawaka kidogo: mara nyingi arthi ni mbovu, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine.

Tatu, tupime. Tutoe balbu ikiwa imepoa, tutazame kama uzi umekatika au kioo kimekuwa cheusi. Balbu ikiwa nzima, tuwashe taa, tushike testa ya balbu, waya wake mmoja kwenye hasi ya betri na ncha nyingine ndani ya holda. Testa ikiwaka, umeme unafika, basi tuisake arthi. Turudishe balbu, tuunge waya kutoka kwenye chuma cha holda hadi hasi ya betri. Taa ikiwaka, ugonjwa tumeupata: tusugue kutu kwa msasa na kukaza skrubu ya arthi. Testa isipowaka, turudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye fyuzi.

Tahadhari moja. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Wapo wanaoweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ili safari iendelee. Hapo kinachoungua si fyuzi tena, ni nyaya, na gari linaweza kushika moto.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo kibovu, lakini tusingoje askari atukumbushe. Kila jioni kabla ya safari, mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma aangalie. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Basi leo mkifika nyumbani, ombeni muifanye.