Kisanduku cha Waifai na Nywila Zake

Garsen ni mji wa kupitia: abiria wa Lamu hukutana hapo na wale wa Hola na Garissa, na Wapokomo walimao kandokando ya Mto Tana, pamoja na Waorma wenye mifugo, huja kuuza na kununua. Kila afikaye ana mtu wa kumjulisha kuwa amewasili salama, au wa kumtumia pesa, au wa kumwuliza bei ya mbuzi. Basi hata kisanduku cheupe chenye antena, kifungwacho chini ya dari ya hoteli au ya duka, kimekuwa chombo cha riziki.

Aghalabu mwenye chombo hicho hukichukulia kama taa, kwamba kikishawaka kazi imekwisha, ilhali ndani yake mna kompyuta kamili, yenye programu ambayo mafundi huiita femwea, nayo haikosi dosari zifichukazo baada ya muda. Ibra ilipatikana mwaka 2018. Ruta (ndilo jina la visanduku hivyo) za MikroTik, kampuni ya Latvia, hupendwa mno na wauzaji wa intaneti ya vocha. Mwezi wa Aprili ilidhihirika kwamba mtu wa mbali aweza kuchota nywila za msimamizi bila idhini, na marekebisho yakatolewa upesi. Wenye ruta wengi hawakuyapakua, na baada ya miezi michache, madhara yakianzia Brazil, ruta zaidi ya 200,000 zilikuwa zimetekwa, ikapenyezwa humo programu iliyozitumikisha kompyuta za wateja kuchimba sarafu za mtandaoni.

Hata hivyo sithubutu kuwaita wavivu wenye maduka wa Garsen. Laini kuu ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Rabai kwenda Lamu hupitia hapo, lakini umeme wa dukani bado hukatika. Nao ukikatika wakati femwea mpya inaandikwa, kisanduku huweza kufa papo hapo, kisiamke ila kwa mkono wa fundi hodari. Dawa ni kukilisha kwa betri, kuunganisha kompyuta kwa kebo wala si kwa waifai, kuhifadhi kwanza nakala ya mipangilio, na kuchukua femwea katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, ya modeli ile ile iliyoandikwa mgongoni mwa chombo. Kazi hiyo ifanywe usiku, wateja wakiwa wamelala.

Nywila ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile wapewayo wateja. Ya pili ni ya msimamizi, na hiyo ndiyo yenye hatari. Andika katika kivinjari 192.168.88.1, anwani ya kiwandani ya MikroTik (ruta nyingine nyingi hutumia 192.168.1.1), na utaulizwa jina na nywila; katika ruta nyingi za zamani za MikroTik jina ni «admin» na nywila ni tupu, wala hapahitajiki hila yoyote kuingia. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka vyombo kwa malaki duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani zipatazo 60.

Kuhusu usimbaji wa mawimbi, chagua WPA3 ikiwapo, la sivyo WPA2, na uzime WPS, ile njia ya mkato ya kujiunga bila kuandika nywila. Ajuaye nywila ya WPA2 iliyobandikwa ukutani aweza, kwa maarifa kidogo, kudukiza mawasiliano yasiyosimbwa ya jirani yake. Kwa hiyo wageni watengewe mtandao wao, mbali na simu ya wakala wa M-Pesa na kompyuta ya hesabu.

Fundi akimaliza kufunga, mwenye duka adai akabidhiwe nywila ya msimamizi kwa maandishi. Wako mafundi wabakio nayo, na siku wahamapo kisanduku hakifunguki tena ila kwa kurudishwa katika hali ya kiwandani, na hapo mipangilio yote hufutika, pamoja na vocha zilizohifadhiwa ndani yake ambazo wateja wamekwisha kuzilipia.