Jenereta Nyumbani: Hatari Mbili Zisizoonekana

Puge ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega. Hii ni nchi ya Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walisifika kwa upagazi wa misafara. Wapagazi walipopiga kambi waliwasha moto uwanjani, na moshi ukachukuliwa na upepo. Siku hizi, umeme unapokatika, mwenye jenereta huwasha moto uliofungwa ndani ya injini. Je, moshi wake waenda wapi?

Kwa kuogopa wezi na mvua, watu wengine huiweka jenereta stoo au jikoni, kisha hufunga madirisha. Hapo ndipo hatari ya kwanza inapoanza.

Petroli ikiungua kikamilifu hutoa maji na kabonidioksaidi. Lakini ndani ya silinda mwako haukamiliki. Hivyo sehemu ya kaboni hutoka ikiwa kabonimonoksaidi, gesi ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu. Uzito wake wa molekuli ni 28, na wastani wa hewa ni 29 hivi. Kwa hiyo haitulii sakafuni wala haikai darini, bali huenea chumba kizima. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mahali penye malaria, ni rahisi kudhani kuwa ni homa. Basi tujiulize: je, wote waliomo nyumbani wameugua kwa pamoja, pasipo joto la mwili kupanda? Je, wakitoka nje hupata nafuu? Ikiwa ndivyo, watolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Jenereta haina budi kukaa nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na milango na madirisha. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi.

Hatari ya pili humkabili mtu asiyekuwamo nyumbani kabisa. Wako wanaochomeka waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili kuwasha taa zote. Umeme huo waweza kupita kwenye mita na kurudi hadi kwenye transfoma. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ile ipunguzayo volti 33,000 kuwa 400 yaweza pia kuzipandisha. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kuwa waya umekufa, aweza kuuawa na jenereta ya jirani. Kinga yake ni swichi ya kubadilishia njia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, isiyoruhusu njia mbili kuungana. Asiye nayo na aunganishe vyombo vyake moja kwa moja kwenye jenereta.

Mwisho, injini izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kuongezwa petroli, kwani mvuke wa petroli huwaka upesi ukigusa chuma cha moto.

Zoezi: Jenereta hutoa wati 900. Taa 6 za wati 10 na redio ya wati 20 zimekwisha kuwashwa. Je, pasi ya wati 1,000 yaweza kuongezwa? Eleza sababu.