Ulishonwa mdomo utotoni? Bado unaweza kurekebishwa
Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka kwa kawaida hushonwa akiwa na miezi michache. Uso unapokua, kovu huweza kuuvuta mdomo juu na pua ikalala upande mmoja. Si kosa la mzazi, na mara nyingi si la daktari.

Mtu mzima anaweza kufanyiwa upasuaji wa marekebisho, hata akiwa na miaka 40. Taya likihitaji kusogezwa hutangulia, kwa kuwa pua hulikalia. Gegedu ya kunyoosha pua hutolewa sikioni au ubavuni. Kovu jipya huwa gumu, kisha hulainika kwa takriban mwaka mmoja. Halifutiki kabisa, anayekuahidi hivyo, mwogope.

Anzia hospitali ya kaunti, uombe barua ya rufaa. Beba kadi za upasuaji wa zamani, kama zipo.