Mawe ya nyongo: tumbo lifunguliwe kwa njia gani?

Msomaji, Jumapili umekula vizuri: bukari, sombe yenye mafuta mengi ya ngazi, na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Usiku wa manane unaamka. Maumivu yamekukamata chini ya mbavu za upande wa kuume, yanapita mpaka mgongoni na begani, na hayakuachii kwa saa nzima. Unatapika. Asubuhi yamekwisha, unakwenda kazini, unasema ni tumbo tu. Wiki tatu baadaye yanarudi.

Hayo si ya tumbo tu. Chini ya ini kuna kifuko kidogo kinachoweka nyongo, maji yale ya kijani na machungu yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Mara nyingine nyongo inaganda, inakuwa mawe. Kifuko kinapokaza ili kutoa nyongo, jiwe linaziba mlango wake, ndipo unapolia. Mganga atakupima kwa ekografi, kipimo kisichoumiza wala kuchoma, na mawe ataonekana nayo mengi.

Wanawake hupata mawe haya kuliko wanaume, zaidi wale waliozaa mara nyingi. Na wewe mzazi mwenye mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa damu unaorithiwa, fahamu kwamba hata mtoto mdogo anaweza kuwa nayo, kwa sababu damu yake inavunjika kila siku na mabaki yake yanaganda ndani ya nyongo. Usiseme mtoto anajifanya.

Lakini si kila mwenye mawe anapasuliwa. Watu wengi wanayo maisha yote bila kujua. Kama mawe yameonekana kwa bahati, na hayajakuumiza hata siku moja, kwa kawaida mganga atakuacha. Yakianza kuuma, habari inageuka: yatauma tena, na siku moja kifuko kinaweza kuvimba na kuingia usaha. Kunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu hakuyatoi. Vile vijiwe laini ambavyo watu huviona chooni baada ya dawa hiyo ni mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni.

Dawa ni kukitoa kifuko chote. Mtu anaishi vizuri bila hicho, ini linaendelea kutoa nyongo yake. Mjerumani Carl Langenbuch alikitoa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na kwa miaka mia moja waganga walifuata njia yake: chale ndefu chini ya mbavu, siku nyingi kitandani, na zaidi ya mwezi bila kuinua kitu. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake, huo ni mzigo.

Siku ya 12 Septemba 1985, katika mji wa Böblingen, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alikitoa kwa kupitisha bomba lenye jicho la kutazamia ndani ya tumbo. Mwaka uliofuata aliwaeleza wenzake katika mkutano wa waganga wapasuaji, nao hawakumsadiki, wengine walimcheka. Mwaka 1987 Philippe Mouret alifanya kazi hiyo Lyon, Ufaransa, na baada yake dunia nzima ikafuata. Mwaka 1992 wapasuaji wa Ujerumani walimpa Mühe zawadi. Walikuwa wamechelewa, lakini walimpa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unalazwa usingizi kamili. Mganga anatoboa tundu karibu na kitovu, anaingiza gesi ili tumbo liinuke kama hema, apate nafasi ya kuona. Anapitisha kamera, na picha inatokea kwenye televisheni. Matundu mengine matatu ni ya vyombo virefu vyembamba. Makubwa yana milimita 10 hivi, madogo 5. Anafunga mfereji na mshipa wa damu wa kifuko kwa vibanio, anakata, anakibandua kwenye ini, anakitoa kupitia kitovu. Waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanaiita selioskopi. Wengine wanasema laparoskopi. Ni kitu kimoja.

Faida yake utaiona kesho yake, ukisimama na kutembea. Wengi wanarudi nyumbani siku ileile au ya pili. Bega linaweza kukuuma siku mbili tatu, nawe utashangaa, kwa sababu hakuna aliyekugusa bega. Ni gesi iliyobaki inayosumbua ngozi iliyo chini ya mapafu, na neva yake inatokea shingoni.

Hatari iliyo kubwa ni moja. Karibu na kifuko unapita mfereji mkubwa unaoleta nyongo kutoka kwenye ini. Mganga akiukata kwa kudhani ni mfereji mdogo wa kifuko, mgonjwa anaingia katika taabu ya miaka. Wakati wa chale ndefu jambo hili lilitokea mara 1 au 2 hivi kwa wagonjwa 1000. Kamera ilipoingia, hesabu ilipanda mpaka 3 au zaidi. Mpasuaji Steven Strasberg alieleza mwaka 1995 sheria ya kufuata: usikate kitu mpaka umesafisha mahali pote na kuona vitu viwili tu vinaingia kwenye kifuko. Mganga asiyeona vizuri anaacha vyombo na kufungua tumbo. Ukiamka ukakuta chale ndefu badala ya matundu manne, usikasirike. Huyo mganga amekulinda.

Sasa, pengine hospitali iliyo karibu nawe haina kamera, au inayo na umeme hauaminiki. Je, umepotea? Hapana, na hapa nataka usome polepole. Iko njia ya chale ndogo, ya sentimita 5 hadi 8 hivi, kwa vyombo vya kawaida. Huko Sheffield, Uingereza, wapasuaji waliwagawa wagonjwa 200 kwa kura, nusu kwa kamera na nusu kwa chale ndogo, wakawafunga wote bandeji za namna moja ili mgonjwa wala muuguzi asijue nani amepata nini. Matokeo yalitoka mwaka 1996: siku za kulala hospitali zilikuwa sawa, na kurudi kazini hakukutofautiana sana. Chale ndogo ilichukua dakika 40 hivi, kamera 65. Kwa maoni yangu, katika nchi kama yetu habari hii ina maana kuliko mashine nyingi mpya. Mkono uliozoea chale ndogo ni bora kuliko kamera iliyo mikononi mwa mtu anayejifunza.

Maana mashine mpya zipo. Wengine wanapitisha vyombo vyote katika tundu moja la kitovu, ili kovu lisionekane. Inapendeza macho, lakini tundu hilo ni pana zaidi. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulikuta, baada ya mwaka mmoja, henia ya kidonda kwa watu 8 hivi katika 100 wa tundu moja, na kwa 1 tu katika 100 wa matundu manne. Wewe unayeinua vyuma, kovu au henia, utachagua nini? Mwaka 2007 huko Strasbourg, Jacques Marescaux na wenzake walikitoa kifuko cha mama mmoja kwa kupitia uke. Njia hiyo haikuenea sana.

Kisha kuna roboti. Wabelgiji Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walitoa kifuko kwa roboti mwaka 1997. Huyu Cadière ndiye aliyekuja mara nyingi Panzi, kule Bukavu, kupasua kwa kamera pamoja na Denis Mukwege. Mwaka 2001 Marescaux, akikaa New York, aliongoza roboti iliyompasua mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari! Ni ajabu kweli. Lakini hesabu ya wazee zaidi ya milioni moja wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2023, ilionyesha mfereji mkubwa ukiumizwa mara 7 katika 1000 kwa roboti, na 2 kwa kamera ya kawaida. Kwa kazi hii, bei ya roboti haijanunua usalama.

Kwa hiyo ukiambiwa utapasuliwa, muulize mganga bila haya: anatumia njia gani, ameifanya mara ngapi, na kama kamera ikikataa anaweza kufungua palepale?

Baada ya matundu manne, mwenye kazi ya ofisi anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Wewe wa mgodini au wa karakana, mwombe mganga aandike kwenye karatasi kazi usizoweza kufanya: kuinua mzigo mzito, kusukuma, kuvuta kebo, kupanda ngazi na vyombo begani. Mpe shefu wako karatasi hiyo siku ya kwanza, si siku kidonda kimefunguka. Chale ndefu inataka wiki 4 hadi 6, au zaidi.

Na ukiwa bado unangoja siku yako ya operesheni, punguza mafuta katika sombe. Maumivu yakija pamoja na homa na baridi ya kutetemeka, au macho yakiwa manjano na mkojo mweusi kama chai, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo.