Ujumbe umetumwa lakini haufiki: tuanzie wapi kutafuta?



Mimi nilisomea agronomia, si informatiki. Lakini juma lililopita mdogo wangu, aliye mwaka wa kwanza informatiki, aliniambia: "Yaya, mimi nitabadilisha fakilte. Hii kazi si yangu." Nikamuuliza kuna nini. Kumbe shida ilianzia kwenye mchezo.

Anacheza Minecraft, na ndani yake ameongeza ComputerCraft, programu inayoleta kompyuta ndogo na roboti zinazoitwa turtle. Hizo zote unaziandikia amri kwa lugha ya Lua, lugha ya kweli ya programu, iliyozaliwa Brazil mwaka 1993. Roboti yake ilikuwa inavuna ngano, kisha inapaswa kutuma ujumbe bila waya kwa kompyuta ya nyumbani. Ujumbe haukufika. Usiku tatu mfululizo alifuta kodi yote na kuandika upya mpaka batri inazima. Kila mara kosa ni lile lile.

Nikamwambia: shambani, mahindi yakigeuka manjano hatung'oi shamba lote. Tunaangalia kwanza ni majani ya chini au ya juu, maji yanatuama au hapana, tunatoa sababu moja moja. Tufanye vile vile: tuufuate ujumbe njia yote, toka anayetuma mpaka anayepokea.

1. Modemu imefunguliwa? Kila upande lazima uandike rednet.open pamoja na jina la upande ambako modemu imekaa, kwa mfano "left" ao "back". Ukikosea upande, mashine inalalamika. Lakini ukisahau kabisa kufungua, hakuna kelele: rednet.send inarudisha tu false, na mpokeaji anangoja bure.

2. Umbali unaruhusu? Kwa mipangilio ya kawaida, modemu ya kawaida isiyo na waya iliyo chini inafika bloku 64. Ukiipandisha juu sana inaongezeka, mpaka 384. Modemu ya ender haina mpaka. Jaribio ni rahisi: weka mashine mbili karibu karibu. Ikifanya kazi hapo, kodi yako haina kosa, shida ni umbali.

3. Mashine iko macho? Ukienda mbali, mchezo unaacha kuendesha sehemu uliyoiacha, na kompyuta za huko zinazimika pia. Weka programu yako katika faili inayoitwa startup, ili ianze yenyewe mashine ikiwaka tena.

4. Anwani ni sawa? Namba ya kompyuta unaipata kwa os.getComputerID(). Na kama unatumia jina la protokoli, liwe sawa herufi kwa herufi: "Shamba" na "shamba" ni vitu viwili.

5. Mpokeaji anasikiliza? Hapa ndipo tulimkamata mwizi.

Mbele ya kugusa kodi yake ndefu, tulifanya jaribio la mstari mmoja kila upande. Kwa mpokeaji: rednet.receive(). Kwa mtumaji: rednet.broadcast("jaribio"). Ikafika mara moja. Basi modemu, umbali na mashine vyote vilikuwa vizuri. Anwani na protokoli tulizisoma pia, zilikuwa sawa. Ikabaki kodi ya kupokea tu.

Ndani yake aliandika sleep(10), kisha anasikiliza sekunde moja, kisha analala tena. Alifikiri kwamba ujumbe utamngojea. Hapana! Wakati wa sleep, kompyuta inatupa kila tukio isipokuwa saa yake yenyewe ya kuamka. Ngano ilikuwa inaita, nyumbani watu wamelala. Tuliondoa sleep, tukaandika rednet.receive("shamba", 10): ngoja sekunde 10, lakini ukiwa macho. Ikafanya kazi.

Jambo moja tena. rednet.send ikirudisha true, maana yake ni kwamba ujumbe umetoka, si kwamba umefika. Kwa hiyo tuliongeza jibu: nyumbani inarudisha "nimepata", na roboti isipolisikia inatuma tena.

Kosa lilikuwa la mstari mmoja, na karibu limfukuze kijana fakilte. Ni wangapi kati yetu tumeacha kozi, mémoire ao mradi kwa sababu tulifuta vyote badala ya kuuliza ni hatua gani imekatika? Kuandika upya kunachosha na hakuonyeshi kosa. Jaribio dogo linaonyesha.

Mdogo wangu bado yuko informatiki. Sasa anataka kunipimia unyevu wa udongo. Tutaona!

Na wewe, ni kosa gani dogo lilikuharibia usiku mzima? Tuandikie hapa chini, mwingine ajifunze.