Polisi na Wajifunze kwa Wazimamoto

Shule inapochafuka hapa Kathiani, kama kwingineko nchini, jambo la kwanza limjialo mwalimu mkuu akilini ni kuwapigia polisi simu. Mimi ni mwalimu, nami simlaumu. Sisi watu wa Machakos hatujaisahau Kyanguli, ambako usiku mmoja wa Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Hata hivyo, kila niwaonapo askari wakishuka garini na bunduki mbele ya watoto waliopandwa na hasira, hujiuliza: mbona hawa hawafunzwi kazi kama wazimamoto?

Mzimamoto hakurupuki. Mkuu wa kikosi husimama nje ya moshi akauliza: ndani mna nani, moto unakula nini, paa litadumu kwa muda gani? Palipo na mtu wa kuokolewa, huhatarisha maisha. Palipobaki mali tupu, hurudi nyuma, wala hapana amwitaye mwoga. Tena anajua kwamba maji yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka, moto hutawanyika.

Risasi katika umati wenye hasira ndiyo maji hayo. Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Rais aliukataa mswada tarehe 26, lakini kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliofariki. Maandamano yakaendelea, safari hii yakidai haki kwa ajili ya wafu.

Msidhani sheria haipo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari aanze kwa njia zisizo za nguvu, na nguvu zikibidi, zilingane na haja. Kilichopungua ni mazoezi, na kiongozi wa kutamka, "Rudini nyuma," bila kuona haya.

Ajabu ni kwamba enzi ya ukoloni jina la wazimamoto lilitisha Nairobi na Kampala. Watu walinong'onezana kuwa hukamata raia gizani na kuwanyonya damu. Juzi niliwauliza wanafunzi wangu wangemkimbilia nani wakipatwa na hatari usiku. Walitaja wazazi, majirani, padri, hata wazimamoto. Polisi hakutajwa.